Seyyid Said bin Sultan na Ukoo wa Al Busaidi



Ukifika Unguja, toka Mji Mkongwe ufuate pwani kuelekea kaskazini. Baada ya mwendo mfupi utafika mahali panapoitwa Mtoni. Hapo, karibu kabisa na bahari, utaona magofu ya nyumba kubwa. Dari nyingi zimeanguka na kuta zimeliwa na mvua na chumvi. Nyumba hiyo ilikuwa ya Seyyid Said bin Sultan. Mtu huyu alitawala Oman kwa miaka 50, tangu 1806 hadi 1856, na kabla ya kufa alikuwa pia mtawala wa Unguja, Pemba na miji mingi ya pwani yetu.

Watu wengi humchanganya na mwanawe, Seyyid Barghash, aliyejenga Beit el Ajaib. Barghash alikuja baadaye. Habari hii ni ya baba.

Tuanze na ukoo wake. Bila kuujua ukoo huu hutaelewa kwa nini kijana wa miaka 15 alimwua jamaa yake kwa jambia.

Ukoo wa Al Busaidi

Oman ni nchi iliyo pembeni mwa Bara Arabu, upande wa kusini na mashariki. Ina milima mikavu, jangwa, mitende, na pwani ndefu. Watu wa pwani yake ni mabaharia tangu zamani. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi yao huku kwetu, na upepo wa kusi uliwarudisha kwao.

Waomani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi. Kwa desturi ya Ibadhi, kiongozi wa watu huitwa imamu, naye huchaguliwa na wanazuoni na wazee. Mtoto hana haki ya kuwa imamu kwa sababu tu baba yake alikuwa imamu. Hiyo ndiyo desturi. Lakini mara nyingi mambo hayakwenda hivyo. Baba akifa, wanawe waliutaka utawala, na kwa kuwa hakuna aliyeandikiwa haki hiyo, kila mmoja alijiona anaistahili. Likumbuke jambo hili, maana litarudi tena na tena katika habari hii.

Kabla ya Al Busaidi, Oman ilitawaliwa na ukoo wa Yaarubi. Hao ndio waliowafukuza Wareno kutoka Muscat mwaka 1650. Kisha wakavuka bahari, wakaizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa kwa karibu miaka mitatu, wakaiteka mwaka 1698. Walikuwa na nguvu nyingi. Baadaye waligombana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani atawale. Mmoja wao akawaita Waajemi waje kumsaidia. Waajemi walikuja, lakini hawakutaka kuondoka.

Wakati huo mji wa Sohar ulikuwa na liwali aitwaye Ahmad bin Said, wa kabila la Al Busaidi. Alikuwa mtu wa biashara, si mtoto wa mfalme. Waajemi waliuzingira mji wake kwa miezi mingi, naye hakuufungua. Mwishowe aliwatoa katika nchi, na katika miaka ya 1740 watu wakamchagua kuwa imamu. Imamu Ahmad ndiye mwanzo wa ukoo unaotawala. Alikufa mwaka 1783. Wanawe na wajukuu wake walipewa jina la heshima la Seyyid, maana yake bwana.

Imamu Ahmad alipokufa, wanawe waligombana. Mmoja alipata uimamu. Mwingine, Sultan bin Ahmad, alishika Muscat, mji wenye bandari na fedha. Mwaka 1804 Sultan aliuawa katika mapigano baharini, huko Ghuba ya Uajemi. Aliacha watoto wawili wa kiume ambao bado walikuwa wadogo, Salim na Said.

Jambia la Barka

Yatima wa mfalme yumo hatarini kuliko yatima wa maskini, kwa sababu ana kitu ambacho wakubwa wanakitaka. Aliyekuja kushika utawala alikuwa Badr bin Saif, mtoto wa ndugu ya baba yao. Badr alisema anawatunzia watoto. Lakini aliomba msaada wa Mawahabi, watu wenye nguvu kutoka bara la Arabuni, na akakubali kuwalipa. Waomani wengi hawakupendezwa. Waliona nchi inauzwa.

Said alikuwa na shangazi jasiri sana, Bibi Moza binti Imamu Ahmad. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyemwambia kijana kuwa asipomwondoa Badr, Badr atamwondoa yeye. Mwaka 1806, katika mji wa Barka, Said alikutana na Badr, akachomoa jambia, akamchoma. Badr alikimbia hali amejeruhiwa, akafuatwa, akauawa.

Hivyo ndivyo utawala ulivyoanza. Kaka yake Salim alikubali kukaa nyuma, na mdogo akawa mtawala. Said hakuchaguliwa kuwa imamu, wala hakujiita hivyo maisha yake yote. Alijiita Seyyid tu. Wageni kutoka Ulaya ndio waliopenda kumwita imamu au sultani.

Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya vita. Mawahabi walishambulia Oman mara kwa mara, na mara nyingine aliwalipa ili waondoke. Alijifunza mapema kwamba mtawala wa nchi ndogo anahitaji rafiki mwenye merikebu kubwa, naye akafanya urafiki na Waingereza waliokuwa wanatawala Bara Hindi. Urafiki huo ulimlinda. Pia ulimfunga, kama utakavyoona.

Macho yanageukia Afrika

Oman ilitoa tende na samaki, na Muscat ilipata kodi ya bandari. Fedha hiyo haikutosha. Huku pwani ya Afrika ya Mashariki palikuwa na pembe za ndovu, gundi ya msandarusi, ngozi, na watumwa. Unguja ilikuwa tayari chini ya Oman tangu zamani, ikiwa na liwali wake. Lakini Mombasa ilikuwa mikononi mwa ukoo mwingine wa Kiomani, Wamazrui. Wao walipelekwa Mombasa kuwa maliwali wakati wa Wayaarubi. Ahmad bin Said alipochukua uimamu, Wamazrui waliona kuwa yeye ni mtu kama wao tu. Basi wakajitawala.

Miaka ya 1812 na 1813, Mombasa na Pate walipigana na watu wa Lamu pale Shela. Lamu walishinda, lakini waliogopa kuwa adui atarudi. Wakamwomba Seyyid Said msaada. Huo ulikuwa mlango, naye aliingia. Alipeleka liwali na askari Lamu, kisha akaendelea mji baada ya mji.

Mombasa haikukubali. Mwaka 1824 Wamazrui waliomba ulinzi wa Waingereza. Nahodha Owen akatundika bendera ya Uingereza, lakini wakubwa wake huko Ulaya hawakuitaka kazi hiyo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Seyyid Said aliishambulia Mombasa mara kadhaa. Kila alipopata mapatano na kuondoka, Wamazrui walirudi kuwa wakubwa wa mji. Kilichowaangusha ni kile kile kilichowaangusha Wayaarubi: waligombana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani awe liwali. Mwaka 1837 Seyyid Said aliipata ngome. Wakubwa wa Wamazrui walipewa maneno ya amani. Kisha wakakamatwa kwa hila, wakatiwa katika merikebu na kupelekwa Bandar Abbas, ng'ambo ya Ghuba. Hawakurudi tena kwao.

Wako wanaomsifu Seyyid Said kuwa alikuwa mtu mpole na mwenye adabu. Waliomwona wameandika hivyo, na huenda ni kweli kwa wale aliokaa nao barazani. Wamazrui waliona upande mwingine.

Karafuu

Seyyid Said alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Alipapenda. Palikuwa na maji mazuri, bandari iliyotulia, na mvua, kitu ambacho Muscat hakipatikani kwa urahisi. Akajenga nyumba Mtoni. Hakuhama kwa siku moja. Kwa miaka kadhaa alikwenda na kurudi, hata ilipofika mwaka 1840 makao yake makuu yalikuwa Unguja, si Muscat.

Karafuu haikuwa mmea wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mbali sana upande wa mashariki. Wafaransa waliipeleka katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko miche ililetwa Unguja, mwaka 1818 hivi. Anayetajwa kuwa aliileta ni Mwarabu mmoja aitwaye Saleh bin Haramil. Seyyid Said aliona faida yake haraka. Alichukua mashamba ya Saleh yakawa yake, akapanda mengine mengi, na akawahimiza wenye mashamba wapande karafuu kando ya minazi. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa vizuri. Wengi walikuwa na wasiwasi, yeye alingoja. Baada ya miaka 20 hivi, Unguja na Pemba zikawa zinatoa karafuu nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: nani aliyepanda, aliyepalilia na aliyechuma? Wewe uliyelima unajua kuwa shamba halijilimi. Karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, kabla ua halijafunguka. Kisha huchambuliwa na kuanikwa juani. Ikichelewa siku chache, imeharibika. Mashamba yale yalihitaji maelfu ya watu, na watu hao walikuwa watumwa.

Walitoka bara. Wengi walitoka nchi za karibu na Ziwa Nyasa, Wayao, Wangindo, Wanyasa na wengine, wakapitishwa Kilwa, wakaingizwa katika majahazi wakiwa wamebanana. Wengine walikufa njiani na majina yao hayajulikani. Waliofika waliuzwa sokoni kama mbuzi. Wengine walisafirishwa hadi Arabuni, na wengine walibaki katika mashamba ya karafuu.

Wenyeji wa Unguja nao walipoteza. Wahadimu walikuwa na mtawala wao, Mwinyi Mkuu, aliyekaa Dunga. Seyyid Said hakumwondoa. Alimwacha awatawale watu wake na kukusanya kodi. Lakini ardhi nzuri ya upande wa magharibi ilizidi kuwa mashamba ya Waarabu, na wenyeji wakasogea kwenye ardhi ya mawe upande wa mashariki na kusini.

Waingereza walimbana rafiki yao juu ya biashara ya watumwa. Mwaka 1822 alitia sahihi mkataba wa kutowauza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Mwaka 1845 alitia sahihi mwingine, wa kutowapeleka watumwa Arabuni kutoka Afrika. Alijua kuwa anapunguza mapato yake na kuwaudhi watu wake. Lakini hakuweza kumkatalia mwenye manowari. Hata hivyo mikataba hiyo haikuwagusa watumwa waliokuwa mashambani mwake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka 17 baada ya kifo chake. Sheria ya kuondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897.

Mfanya biashara

Seyyid Said alikuwa mfanya biashara kwanza, kisha mfalme. Askari wake hawakuwa wengi, na huko bara hakutawala hasa. Alichotaka ni kwamba kila kitu kiendacho ng'ambo kipite bandari yake na kilipe kodi. Bidhaa za wageni zilitozwa asilimia 5, yaani reale 5 kwa kila mali ya reale 100. Kazi ya kukusanya kodi hiyo aliikodisha kwa wafanya biashara wa Kihindi. Kwa miaka mingi aliyeikodi ni Jairam Shivji. Huyo alimpa Seyyid fedha kwa mwaka, naye akakusanya bandarini na kubakiwa na faida. Wahindi pia walikopesha mali kwa wenye misafara, na misafara ilikwenda Tabora na Ujiji kutafuta pembe. Wanyamwezi walikuwa wameijua njia hiyo kabla yao, na wao ndio waliobeba mizigo mingi mabegani.

Mwaka 1833 alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Meli zao zilileta nguo nyeupe ya pamba, na nguo hiyo ikaitwa merikani. Bibi zetu waliijua sana. Mwaka 1840 alipeleka merikebu yake, Sultana, hadi New York, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Pia alifanya mikataba na Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Hivyo mji wa Unguja ukajaa wageni.

Nyumba ya Mtoni

Nyumbani kwake Mtoni palikuwa kama kijiji. Palikuwa na ua mkubwa wenye tausi na paa waliofugwa. Mke wake mkuu alikuwa Bibi Azza binti Seif, wa ukoo wake mwenyewe, na nyumba nzima ilimwogopa. Hakuzaa mtoto aliyeishi. Watoto wa Seyyid walizaliwa na masuria, wanawake watumwa kutoka Uhabeshi, Georgia na nchi nyingine. Kwa sheria yao, mtoto wa suria alikuwa sawa na mtoto wa mke. Seyyid alipokufa walikuwa hai watoto 36.

Tunayajua mengi ya ndani kwa sababu ya mmoja wa watoto hao, Bibi Salme, aliyezaliwa mwaka 1844. Katika nyumba ile wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alitaka kujua. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama kibao cha shule, akaziiga herufi za Kurani kwa siri mpaka mkono ukazoea. Mtu mzima aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza anaijua kazi hiyo.

Kifo baharini

Mwaka 1854 Seyyid Said alikwenda Oman kutuliza matatizo ya huko. Inasimuliwa kwamba katika safari hiyo alichukua mbao, ili akifa baharini mwili wake uwekwe katika sanduku, usitupwe majini. Alipokuwa anarudi aliugua. Tarehe 19 Oktoba 1856 alikufa ndani ya merikebu, karibu na visiwa vya Shelisheli. Alikuwa na umri wa miaka 65 hivi.

Barghash, mwanawe, alikuwa naye. Merikebu ilipofika Unguja usiku, Barghash aliushusha mwili na kuuzika kwa siri, kisha akajaribu kushika mji kabla ndugu zake hawajajua. Hakufaulu. Majid, aliyekuwa akiangalia Unguja kwa niaba ya baba yake, akawa mtawala. Huko Oman kaka yao, Thuwaini, alishika Muscat, naye alitaka na Unguja pia. Baba hakuwa amekata shauri lililokubaliwa na wote.

Mwaka 1859 Barghash aliasi. Ndugu waligawanyika, dada kwa dada. Bibi Salme, mwenye umri wa miaka 15 tu, alikuwa upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, yeye ndiye aliyewaandikia waasi barua zao, hata za kuagiza silaha. Uasi ulishindwa kwa msaada wa Waingereza. Barghash alipelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza waliamua ugomvi wa Majid na Thuwaini: Oman na Unguja ziwe nchi mbili, na Unguja ilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Tangu siku hiyo nchi aliyoiunganisha Seyyid Said haikuwa moja tena, na aliyekuwa anaamua mambo ya ukoo huo alikuwa mgeni. Thuwaini mwenyewe aliuawa mwaka 1866 na mwanawe. Mwaka huo huo Salme aliondoka Unguja, na baadaye akaolewa na mfanya biashara wa Kijerumani. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake katika nchi ya Ujerumani. Alikufa huko mwaka 1924.

Majid alikufa mwaka 1870, na Barghash akapata kile alichokitafuta. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Masultani walibaki, lakini nguvu zao zilipungua, mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipomwondoa wa mwisho, Jamshid bin Abdullah. Oman bado inatawaliwa na ukoo huo. Sultani wake tangu mwaka 2020, Haitham bin Tarik, ni mzao wa Seyyid Said kwa upande wa Turki, mdogo wake Thuwaini.

Mikarafuu nayo ipo. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza. Ukipita Pemba wakati wa mavuno, utaona karafuu zimeanikwa juu ya majamvi mbele ya nyumba za wakulima, na harufu yake utaisikia kabla hujafika.